Karatasi Isiyo na Jumla

Karatu, Jumapili jioni

Emiliana mwanangu,

Nimewaacha jikoni wewe na mama yako mnabishana juu ya blanketi. Yeye anasema Dar hakuna baridi ila basi lina baridi, wewe unasema kanga inatosha, na mimi nimeona mwanamume mwenye akili hatii mguu hapo. Mambo ya blanketi, ya kutonunua chakula dirishani, ya kupiga simu ukifika, mama yako atakuambia yote na atayarudia, kwa hiyo humu hutayakuta. Nimekaa sebuleni na kalamu, mimi ambaye mnasema nimesahau kuandika kwa mkono, kwa sababu nina neno moja ambalo nikilisema kwa mdomo nitaishia kukohoa na kuuliza kama kuku wamefungiwa.

Neno lenyewe ni hili: nimeliona begi lako. Umepanga nguo za wiki moja. Mtu anayekwenda kuanza kazi hapangi nguo za wiki moja, wala haachi vyeti vyake kabatini. Halafu mama yako, ambaye kumpa siri ni sawa na kuteka maji kwa tenga, ameniambia ulichomwambia. Kwamba utakwenda, utawasalimia hao watu wanaotengeneza mfumo wetu wa kompyuta, utawashukuru kwa nafasi waliyokupa, kisha utarudi. Kwamba ripoti zako zimemwacha baba yako hana kazi, na huwezi kukaa Dar ukifurahia maisha huku yeye amekaa mbele ya meza tupu.

Nilikasirika, sikufichi. Nilitoka nikaenda mpaka mwisho wa shamba la mbaazi, nikasema peke yangu maneno ambayo mchungaji asingeyapenda. Hasira ilipopoa nikaona aibu kidogo, maana ni mimi niliyekupa sababu ya kufikiri hivyo. Kwa hiyo barua hii ni ya kukuomba uende kweli, na ili unielewe lazima nikueleze jinsi mambo haya yalivyoonekana kutoka upande wangu wa meza. Wewe uliyaona kutoka upande wa kompyuta, na kuna kimoja hukukiona kabisa.

Wewe umezaliwa ukanikuta nikifanya kazi hii. Kampuni yetu inauza dawa za mifugo na kupeleka chanjo, na tangu walipotuletea mfumo, kila kitu kinaingia humo: dawa iliyouzwa, chanjo iliyotolewa, mfugaji, boma lake, namba ya hereni ya kila ng'ombe. Mfumo ulikuwa unajua kila kitu, ila haukujua kusema. Ukiuambia utoe ripoti ya mwezi, ulikumwagia lundo. Majina yamebanana, tarehe zimegeuzwa siku ikawa mwezi, namba za simu zimepoteza sifuri ya mbele, na hereni zenye tarakimu nyingi zimefupishwa zikawa kitu ambacho hata ng'ombe mwenyewe asingejitambua. Mimi ndiye niliyekuwa nalichukua lundo lile nikalipeleka Excel na kulifanya ripoti. Nilipanua safu, nikachora mistari, nikaweka vichwa vya kijani, nikatenga boma na boma, nikabandika nembo ya kampuni pembeni. Wiki ya mwisho wa mwezi ilikuwa yangu yote. Pale ofisini waliniita Fundi Rangi, na nililipenda jina hilo kuliko nilivyowahi kuonyesha.

Basi ukaja kufanya fildi kwetu, umetoka chuoni, na mimi nikijua nitakufundisha. Nilikuwa nimeshakuandalia kiti karibu yangu ili uone ninavyochora mistari. Ulikaa siku chache ukitazama, kisha ukaniuliza, "Baba, hizi rangi unazipaka upya kila mwezi?"

Nikakujibu, "Sasa zitajipaka zenyewe?"

Ulikwenda kukaa kwenye kompyuta ya pembeni, ukafungua faili tupu, ukaanza kupanga vichwa vyangu vilevile, kijani changu kilekile, nembo mahali pake, na ndani ya visanduku badala ya majina ukaandika maneno ya ajabu yenye mabano. Nilipita nyuma yako nikasema moyoni, huyu mtoto anaandika matusi ya Kirumi. Uliniambia kinaitwa kiolezo, kwamba mfumo utakisoma na kumwaga kila kitu pale ulipouambia. Nikaitikia kama ninavyoitikia mahubiri marefu.

Ile asubuhi ulipomwita Mama Shirima, meneja wetu, aje kuona, nilisimama nyuma yake na kikombe cha chai. Ulibonyeza mara moja. Nikanywa chai, na kabla sijaimeza vizuri ripoti ilikuwa imeshuka. Mwezi mzima! Vichwa vyake, mistari yake, kila boma ukurasa wake, sifuri za simu zimerudi zimesimama mbele, hereni zimekamilika mpaka tarakimu ya mwisho, chanjo iliyokaribia kuisha muda imejipaka rangi ya chungwa bila kuambiwa na mtu.

"Jamani!" Mama Shirima akasema. "Mzee Sulle, hii umeipaka saa ngapi?"

"Sijaigusa," nikamwambia.

"Sasa nani kaipaka?"

Mwanangu, nitakuambia jambo ambalo hukuliona kwa sababu ulikuwa umegeukia printa. Niliinama nikatazama nyuma ya ile kompyuta. Mtu mzima, mzee wa kanisa, nikatazama nyuma kana kwamba kuna mtu amejificha na brashi. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini kuna mambo hata uishi vipi hujiandai nayo. Siku ile sikula mchana. Nilikwenda kukaa kwenye benchi la nje nikitazama malori ya ngano yakipita, nikijaribu kufikiri namna wewe, uliyekuwa ukilia nikikufundisha kujumlisha kwa punje za mahindi, ulivyoweza kuiambia mashine ipende kitu ninachokipenda mimi, vilevile ninavyokipenda. Kijani kilikuwa chetu, ndiyo. Ila hakuna mkono uliokuwa umekipaka.

Mshangao wangu haukuniongezea akili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watu walipoanza kusifu ripoti, nami nilitaka kipande changu cha sifa, na hapo ndipo nilipong'ang'ania mstari wa jumla. Unakumbuka. Tulikuwa tunajiandaa kwenda Engaresero kwa chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe, ugonjwa umeshasikika maboma ya upande wa pili, na kila mtu alijua ukiingia kwenye boma ambalo halijachanjwa hauondoki peke yake. Nikakuambia chini ya kila boma uweke jumla ya ng'ombe, maandishi manene, msingi wa dhahabu, mistari miwili chini yake.

"Baba, ya nini huko? Sisi ofisini tunayo tayari."

"Ripoti isiyo na jumla ni suruali isiyo na mkanda," nikakuambia.

Ukacheka, ukaiweka. Uliniheshimu, na mimi nikaibeba heshima yako nikaenda kuivunja.

Kule Engaresero kila kitu kilikuwa tayari. Miti ya kubania ng'ombe imeshafungwa, bwana mifugo amefungua sanduku la barafu, ng'ombe wa mzee Lemomo wamejaa mpaka unaona pembe tu na vumbi, na nyuma yao Mlima wa Mungu umesimama na ncha yake nyeupe. Wazee wamekaa na fimbo zao. Mimi nikabandika karatasi kubwa ubavuni mwa gari nikaona inapendeza, na nilipoona inapendeza nikashindwa kunyamaza. Nikaanza kusoma kwa sauti ya mnadani. Boma la mzee Lemomo, jumla. Nikaitaja. Nikapita boma la pili, nikaitaja.

Nilipofika la tatu nikainua macho. Mzee Lemomo alikuwa ameshasimama.

"Nani amekutuma wewe hesabu ng'ombe yangu mbele ya watu?"

Hakupaza sauti. Aliwaita vijana wake kwa Kimaasai, na lile kundi lote likageuka. Wazee wengine wakainuka mmoja mmoja, kila mmoja na ng'ombe zake, na vumbi likatufunika sisi na sanduku letu la barafu. Dawa ikabaki imefunguliwa, na ugonjwa unakuja.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilijua. Mimi ni Mwiraqw wa Kansay, si mtu wa kutoka ng'ambo. Babu yangu hakuwahi kutaja idadi ya ng'ombe wake wala ya wajukuu wake. Ukimuuliza watoto wangapi, anakuambia "wapo," basi. Kuhesabu kilicho hai kwa sauti ni kukionyesha kwa kile kinachopita kikitafuta cha kuchukua. Niliyajua hayo kabla sijajua kusoma, na karatasi nzuri ikanisahaulisha. Ukipenda sana umbo la kitu, mwanangu, unaweza kumsahau aliyeandaliwa kitu hicho. Sitalifanya hubiri, nimelilipia kwa vumbi la Engaresero na nimeona nikugawie.

Uliponikuta nyuma ya gari hukunilaumu. Ulisema tu, "Baba, yeye anajuaje kama mmoja hayupo?" Ukaenda kumuuliza mzee Lemomo mwenyewe, wewe msichana mdogo na suruali yako ya jinzi, ukamkuta amekaa na mgongo wake kwetu. Nilikuwa mbali kidogo lakini jibu lake nililisikia.

"Mimi hapana hesabu. Mimi naangalia. Wakiingia jioni, kila mtoto nyuma ya mama yake. Mmoja akikosa, jicho yangu inaanguka kwenye shimo."

Basi ukaenda kukaa na mkewe, Yeyo, kwenye mlango wa nyumba yake, na kompyuta mapajani. Nilidhani unamliwaza. Kumbe kwenye mfumo kulikuwa na safu ya rangi ya ng'ombe na safu ya mama yake, zilizojazwa siku walipovishwa hereni, na sisi ofisini hatukuwahi kuzichapa kwa sababu tuliziona hazina kazi. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nazifuta kila mwezi ili karatasi ikae vizuri! Yeyo alikuwa anakutajia wale walioandikwa nusu: huyu mweusi mwenye tumbo jeupe, huyu ng'iro, ile rangi ya kijivu ya punda, binti wa yule aliyevunjika pembe. Alikuwa anacheka kwa sababu ulikuwa unayakosea majina. Jua likazama mko pale, na kule kambini kwa watalii tulipopewa hema ulikaa na kiolezo chako mpaka nikapitiwa na usingizi.

Asubuhi ukawasha ile printa ndogo ya kuchapia vyeti vya chanjo, ukaiunga kwenye betri ya gari, na karatasi ikatoka. Uliniletea mimi kwanza. Nikaitazama, nikaigeuza, nikaitazama tena.

Haikuwa na namba hata moja. Zote zilikuwepo ndani ya mfumo, hereni na tarehe na kila kitu, lakini karatasi haikutamka hata moja. Kila ng'ombe alikuwa kisanduku, na kila kisanduku kilikuwa na rangi ya ngozi yake: mwekundu, mweusi, mweupe, kijivu, wenye madoa wamewekewa madoa. Mama mbele, na watoto wake wakimfuata kwenye mstari uleule, na wajukuu nyuma yao, mstari baada ya mstari, boma zima linaingia nyumbani jioni. Chini, mahali pa jumla yangu ya dhahabu, palikuwa peupe. Ukaniambia kwamba aliyechanjwa kisanduku chake kitapata ukingo mnene, na mfumo utauweka wenyewe bwana mifugo akisoma hereni. Ulisema hivyo huku ukipiga miayo.

Unajua nilikupeleka ukingoni mwa Kreta ulipokuwa darasa la nne. Ukungu ulifunguka ukaona chini kule, ukanishika mkono ukanyamaza mpaka tukarudi nyumbani. Watu wanavuka bahari kuja kusimama pale na kunyamaza. Mimi nilinyamaza hivyo Engaresero, mbele ya karatasi iliyotoka kwenye printa ya vyeti, na ningekuwa na mkono wa mtu karibu ningeushika.

Ukampelekea mzee Lemomo kwa mikono miwili. Akaishika mbali na macho, kisha karibu. Kidole chake kikaanza kutembea. Alipita mstari wa kwanza polepole, akatabasamu kwenye mstari wa pili, akamwita mkewe, naye akaja akaweka kidole chake, wakawa wanatajiana majina ya ng'ombe kama watu wanaotazama picha za harusi. Wazee wengine wakasogea. Mmoja akauliza boma lake liko wapi. Halafu kidole cha mzee kikasimama.

"Yuko wapi mwekundu, shavu nyeupe? Mama yake huyu hapa. Ndugu yake huyu hapa. Yeye wapi?"

Nilidhani umekosea. Yeyo, ambaye jana yake alikutajia walioandikwa nusu akamruka huyo mmoja, akatazama chini. Mzee akamwangalia mwanawe mkubwa, yule kijana mrefu, na kijana akawa anachora ardhi kwa fimbo. Ndipo ukweli ukatoka: ng'ombe yule alikuwa anakohoa. Kijana alimpeleka kwa shemeji yake bila kumwambia baba, akamwomba mama anyamaze, akiogopa serikali ikisikia itafunga mifugo yote isitoke. Bwana mifugo aliruka kwenye gari kabla hajaambiwa. Unakumbuka alivyorudi uso umebadilika, akasema ndio huo ugonjwa wenyewe, na kwamba kesho huyo ng'ombe alikuwa arudishwe kundini kunywa maji na wenzake. Akatengwa palepale. Na wazee wakawarudisha ng'ombe zao kwenye miti bila kuombwa.

Siku ile nzima sikufungua mdomo. Nilikuwa nasoma hereni, nakuonyesha, na kwenye kompyuta yako kisanduku kinajizungushia ukingo. Mweusi, ukingo. Ng'iro, ukingo. Nilikuwa naona kundi likipona mbele ya macho yangu, mmoja mmoja, kwenye kioo na kwenye vumbi kwa pamoja. Sijui kama umewahi kumwona baba yako akilia. Kama hukuona siku ile, basi vumbi lilinisaidia.

Sasa nije kwenye meza tupu.

Tuliporudi Karatu, Mama Shirima alitaka kila ripoti ipite kwenye violezo vyako, na alikuwa na haki. Wiki ya mwisho wa mwezi ikaja na ikapita kabla ya saa ya chai. Nilikaa. Nikamwagilia lile ua la dirishani mpaka likaoza mizizi. Na siku ile uliponikuta nimefungua ripoti yako iliyokamilika, nabadilisha kijani chako kuwa kijani kingine, ulisimama mlangoni na uso ambao sitausahau. Ulisema, "Baba, nikuongezee safu ya kujaza kwa mkono?" Ulitaka kuiharibu kazi yako ili mimi nipate cha kufanya. Naamini siku hiyo ndipo ulipoanza kupanga nguo za wiki moja.

Nikuambie kuhusu babu yako, baba yangu, halafu utaelewa kwa nini nilikwenda kufoka kwenye mbaazi. Trekta lilipofika Kansay, majirani wote walilimiwa, yeye akakataa. Alikuwa na maksai wake wawili aliowafundisha mwenyewe, akasema chuma hakijui shamba. Mimi nilikuwa nimepata kazi huku mjini. Nilimwonea huruma, nikawaambia watu wa kazini wanisubiri, nikabaki msimu mzima nikishika jembe nyuma ya maksai na kumwambia kwamba ninaipenda kazi ile. Naye, kumbe, alikuwa ameshachoka. Magoti yalimuuma. Aliendelea kulima na maksai kwa sababu alidhani mimi ndiye ninayewapenda! Msimu mzima wanaume wawili tunatembea kwenye mtaro mmoja, kila mmoja anamhurumia mwenzake na hakuna aliyetaka kuwa pale. Alipojua, hakunishukuru. Aliniambia, "Umeniangalia kama mnyama aliyevunjika mguu." Kauli ile ilinikaa muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Nakuomba usinifanye niiseme kwako.

Na hiki ndicho ambacho hukukiona. Siku ile ya Engaresero, jioni, ulikuwa umeshapanda gari, umelala kwenye kioo mdomo wazi. Mimi nilibaki kumuaga mzee Lemomo na kumwomba radhi kwa ile jumla. Alikuwa amekunja karatasi yako ameiingiza ndani ya shuka lake, kifuani.

"Hii nani alichora?"

"Binti yangu. Na mashine."

"Ndama ikizaliwa, nani anaongeza?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nikamwambia sijui, labda watamtuma mtu.

"Wewe kuja," akasema. "Wewe unajua aibu sasa. Kaa na mama, sikiliza, andika, lete karatasi mpya." Kisha akanigonga begani kwa fimbo, kidogo tu. "Lakini mdomo, hapana."

Nilicheka peke yangu mpaka Engaruka. Nilidhani ni mzaha wa kuagana. Wiki iliyopita Mama Shirima aliniita akaniambia maboma yanapiga simu, mpaka Ololosokwan wamesikia na wanataka karatasi isiyo na jumla, na kila boma linahitaji mtu wa kwenda kukaa na akina mama mlangoni, kusikiliza nani kamzaa nani, na kuingiza kwenye mfumo. Kiolezo chako kinafanya mengine yote. Hakiwezi kukaa mlangoni na kuchekwa kwa kukosea majina. Akaniuliza kama ninaweza, kwa umri huu, kulala kwenye hema. Nikamwambia anipe siku mbili za kufikiri, na sikukuambia, kwa sababu niliogopa. Mtu aliyekaa kitini miaka yote ile anaogopa kusimama, mwanangu, hata kiti kikiondolewa.

Leo baada ya ibada nilimpigia nikamwambia ndiyo.

Kwa hiyo usinihurumie. Mashine yako imenichukulia brashi, kweli, na mikono yangu bado inaitafuta asubuhi. Ila kile nilichokishangaa kinaendelea kunishangaza, na sasa nitakuwa ninakibeba kwa miguu yangu kwenda kukionyesha watu wengine, na kutazama vidole vyao vikitembea. Wewe nenda ukatengeneze vingine. Huko Dar wapo watu wengi ambao mifumo yao inajua kila kitu na haijui kusema, na wapo wengi zaidi wanaosomewa jumla ambayo hawakuiomba. Utakosea. Siku utakayokosea, toka kwenye kiti uende ukamuulize mwenye ng'ombe.

Nilitaka kukusindikiza stendi. Niliwaza kusimama pale dirishani, kukupa chupa ya maji na kujifanya nina vumbi jichoni. Halafu nikajua ningefanya hivyo ungeniangalia mpaka basi lipinde kona, na ungeniona mzee amesimama peke yake, na ungerudi kabla ya Dodoma.

Kwa hiyo mama yako ndiye atakayekusindikiza. Gari la chanjo linanipitia alfajiri, kabla hujaamka. Ukishuka Mto wa Mbu utaona njia inayokata kushoto kuelekea Engaruka, nitakuwa nimeshaipita. Nyumba hii haina baba wa kulindwa, Emiliana. Mimi nimeshatoka. Toka na wewe.

Akupendaye na kukushangaa,
Baba yako